Sina Utani Kazini

Dada yangu mpendwa, mama Fatu,

Assalaam aleikum. Goti lako limekaaje tangu mvua zianze? Bado unalisugua kwa mafuta ya ufuta, au umekubali kwenda zahanati? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillah, nakula na ninaswali kwa wakati. Kilichougua ni moyo, ndiyo maana nimekaa kuandika. Kwenye simu ungeweka sauti ya nje kama kawaida yako, na jambo hili lingeenea Lionja yote kabla hujakata.

Kazi yangu unaijua kwa kusikia tu. Masika ikiisha, hifadhi hii ya pwani inatoa mabasi matatu ya kuwachukua wageni getini na kuwapeleka ufukweni, kwa sababu magari yao hayaruhusiwi kupita kasa wanakotaga. Vuli ikianza, mabasi yanaegeshwa na sisi madereva tunarudi makwetu mpaka tuitwe tena. Wageni wenyewe, dada, wakimwona tembo wanashikana mikono wananyamaza kama wako msikitini. Nami nawakumbuka watu wa Kilimarondo wanavyopiga madebe kumfukuza huyohuyo asiwamalizie mihogo.

Sasa nisikilize. Mwaka juzi nilimleta huku binamu yetu Bakari, mtoto wa shangazi, nikamwombea kazi mwenyewe. Utani wetu unaujua. Siku tuliyomzika mama, wewe ulikuwa huna sauti kwa kulia, lakini ulicheka Bakari alipojilaza kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo. Huku tuliendelea vilevile. Kila asubuhi ananiuliza, "Marehemu, umeamka?" Namjibu nimeamka ili nimzike yeye kwanza. Wenzetu wa bara walidhani tunagombana, baadaye wakazoea.

Karibu na mwisho wa msimu jicho la kushoto likaanza kunisumbua. Jua likiinama naona ukungu. Nilimwambia Bakari peke yake, tukiosha basi baada ya alasiri, kwamba nitaomba zamu za asubuhi tu mpaka nipimwe. Akasema, "Hilo nimelifukia, ndugu yangu." Aliniita ndugu yangu, dada, hakuniita marehemu. Nikaona kweli amelibeba kwa uzito.

Siku ya nne tulikuwa getini na msimamizi wetu, mama mmoja mtu wa Bukoba, mwenye haki lakini mambo ya kusini hayajui. Bakari akaanza. "Mama, huyu mzee mpe fimbo, usimpe usukani. Jana kawapigia honi tembo watatu, anadhani ng'ombe wa mtu."

Watu wakacheka. Sasa niambie, mtu wa kwetu anajibu nini hapo? Mtani akikuita mwizi unamwambia afunge mlango vizuri, leo zamu ya kwake. Ukikataa, ukinuna, umeshindwa. Basi nikasema, "Kweli kabisa. Macho nimeyaacha Nachingwea yanalinda mikorosho. Huku naendesha kwa kunusa."

Wakacheka zaidi. Yule mama hakucheka. Baadaye nilimwona amemwita Bakari pembeni wanazungumza, sikujali. Nilidhani Bakari anamweleza mila zetu.

Wiki iliyofuata nilikwenda hospitali. Daktari akanipima, akaniandikia miwani, na cheti kwamba nikiivaa naweza kuendesha mchana na usiku. Nilipoivaa nikahesabu majani ya mwembe wa ng'ambo ya barabara. Nikaswali rakaa mbili za shukrani, nikaomba na msamaha pia, maana jioni chache kabla sijahamia asubuhi nilibeba roho za watu na ukungu ule. Hilo ni kosa langu, silikatai.

Msimu ukafungwa, orodha ya watakaoitwa tena ikabandikwa. Jina langu halimo. Juu kabisa yumo Bakari, dereva wa kudumu. Nafasi hiyo ni moja tu, na wote pale walikuwa wakinipongeza mimi mapema, kwa kuwa nina misimu sita.

Nikaenda ofisini na cheti changu. Mama akafungua faili, akanisomea: nimekiri kwa kinywa changu mbele ya watu kwamba sioni, na shahidi ameweka saini. Shahidi ni Bakari. Chini ya maneno yale ya utani ameongeza la jicho la kushoto na ukungu wa jioni. Lile alilolifukia, kalifukua.

Nilimweleza mama yule habari ya watani mpaka jasho likanitoka. Akamwita Bakari. Nikamwambia, "Bakari, mwambie mama kwamba mimi na wewe ni watani."

Hakunitazama. Aliitazama kofia yake mkononi, akasema, "Mimi sina utani kazini."

Basi. Sikumtukana. Mama akanieleza kwamba cheti ni kizuri, ila maneno ya shahidi anayafuta shahidi mwenyewe, na faili linakwenda makao makuu baada ya Ijumaa mbili. Likishakwenda halirudi.

Bakari ameondoka kuja huko kuokota korosho, mimi nimebaki huku kwa ajili ya faili hilo. Atafika kabla ya barua hii, ambayo namkabidhi mama mmoja wa Chinongwe anayerudi kesho. Atakuambia mimi nipo salama na kazi zinaendelea.

Ninachokuomba, nenda naye kwa shangazi, mkae watatu tu, milango ifungwe. Usimgombeze. Muulize neno moja: Hamisi ni mtani wako, au siyo? Akisema ndiyo, ampigie msimamizi amwambie hivyohivyo. Nafasi ya kudumu abaki nayo, nimemwachia. Nataka jina langu lirudi kwenye orodha, niitwe masika ikiisha. Akisema siyo, mwambie siku yangu ikifika asisogelee kaburi langu kudai jogoo. Mnizike mkilia mpaka mwisho, bila mtu wa kuwachekesha.

Jana niliamka kwa adhana, nikakaa kitandani. Ilinichukua muda kujua ninachongoja. Nilikuwa nangoja kuulizwa kama nimeamka.

Nisalimie shangazi, sina kinyongo naye. Msalimie mke wangu, umwambie orodha bado haijakamilika, maana ndivyo nilivyomwambia na mimi. Mwalimu wa madrasa aniombee dua, na jirani yetu fundi baiskeli mwambie pampu aliyoniagiza sijaisahau.

Nijibu upesi, dada, hata mistari miwili, kabla ya Ijumaa ya pili.

Mdogo wako,
Hamisi