Jina Langu Katika Safu ya Wageni

Kipsongo, Kitale

Kwako Baba,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama, mimi na mke wangu Rael, pamoja na mjukuu wenu Naliaka ambaye sasa anatembea na kuvunja vikombe. Sisi ni wazima, ila baridi ya Julai imetukaa kifuani. Goti lako linaendeleaje? Mama bado anakohoa asubuhi? Yule ng'ombe mwekundu alizaa? Nauliza mambo mengi kwa pamoja kwa sababu nimekaa nayo miaka mitatu bila mtu wa kunijibu.

Najua unashangaa kuona barua yangu. Ningeweza kupiga simu kwa jirani, lakini haya siwezi kuyasema huku mtu amesimama kando akingoja simu yake.

Huko Kabuchai sasa mnakula mahindi mabichi. Hapa bado yanabeba. Kila asubuhi nikifungua mlango, ukungu ukiinuka, nauona mlima. Ni mlima ule ule mnaouona mkiwa uani, ila mimi nauona kwa ubavu mwingine, na kila siku nauona kama umegeuza uso. Wiki iliyopita gari lililobeba sukari guru lilisimama karibu na kibanda changu cha kutengeneza baiskeli. Ile harufu ya miwa iliyochemka ilinifikia, nikaacha gurudumu la mteja chini, nikakaa. Mwenye baiskeli akaniuliza, "Fundi, ni nini, unaumwa?" Nikamwambia ni moshi.

Baba, sijasahau siku ile ya mazishi ya Shangazi. Nilikujibu mbele ya wageni, na hilo lilikuwa kosa. Ulikuwa umesimama ukisema kwamba Chama cha Kinu kimepotea njia, kwamba wakubwa wa Nairobi wamekuwa laini, na kwamba kundi jipya la Kinu Asili ndilo litakalorudisha mambo ya zamani. Nikasema hao Asili ni watu wa kuchoma nyumba wakiwa wamevaa kofia ya chama. Ukaniambia, "Kama chama chako ni kingine, basi na nyumba yako ni nyingine." Nikachukua mkoba wangu nikaondoka hata kabla ya chakula. Mama alinifuata mpaka kwenye ua wa miwa akiwa na ugali kwenye sahani, nami sikugeuka. Hiyo sahani ndiyo inayonisumbua mpaka leo.

Unajua nilivyoingia katika chama hiki. Ni wewe uliyenipeleka. Ulikuwa ukisema ni chama cha mtu anayelima, anayeenda kanisani, anayetaka hati ya shamba lake na mtoto anayeamkia wakubwa. Ulisema mambo yabadilike polepole, kama mtu anayeteremka mlima na mzigo kichwani. Mimi niliyaamini hayo, na bado nayaamini. Nilipofika Kitale, watu wa tawi letu waliona naandika vizuri, wakanifanya katibu. Mwenyekiti ni Mama Selina, mjane anayeuza mbegu na mbolea karibu na soko. Ni mtu wa kupima maneno. Kwa miaka miwili tulikaa vizuri, mikutano yetu ikiwa ni maombi, chai, na kubishana juu ya mtaro wa barabara.

Halafu Asili wakafika hapa pia. Aliyewaleta ni mtu mmoja aliyekuwa diwani zamani, na bado watu humwita Diwani. Mwanzoni aliketi nyuma akisikiliza. Kisha akaanza kuja na vijana. Mwezi wa tano, Jumamosi baada ya chakula cha mchana, tukiwa katika ukumbi wa kanisa, alinyanyuka akaweka daftari mbele yangu. Ukurasa ulikuwa umepigwa mstari katikati. Upande mmoja uliandikwa Wenyeji, upande wa pili Wageni.

"Katibu, andika," akasema. "Mimi nataja, wewe unaandika. Ni ya usalama wa chama tu. Mwaka kesho ni uchaguzi, lazima tujue nani ni nani."

Nilimtazama Mama Selina. Yeye alikuwa anatazama kikombe chake. Akasema kwa sauti ndogo, "Kuandika si kufukuza. Tusigawanye chama mwaka huu."

Basi Baba, nikaandika. Nataka ulisome hili kutoka kwangu kabla hujalisikia kwa mtu mwingine. Diwani alitaja, nami niliandika. Yule mama anayekaanga samaki, upande wa Wageni. Mzee anayechunga lango la stoo ya mahindi, Wageni. Kinyozi aliyezaliwa hapa hapa Kipsongo, ati kwa sababu babake alitoka mbali, Wageni. Niliandika majina kumi na moja, kwa mwandiko safi. Wengine walikuwa wameketi humo humo ndani. Yule mama wa samaki alikuwa ananiangalia tu, kama mtu anayeangalia mvua ikinyesha kwenye nguo zake alizoanika.

Ndipo nikauliza, "Na mimi? Mimi nimetoka Kabuchai. Niandike wapi?"

Watu wakacheka. Diwani akanishika bega. "Wewe si ni wetu, bana! Ruka jina lako, tuendelee."

Baba, nilitaka kuruka. Nisikudanganye. Nilimfikiria Rael na mtoto, nikafikiria kibanda changu, kalamu ikiwa imesimama juu ya karatasi. Ingekuwa rahisi sana. Lakini niliona kwamba nikiruka, nitakuwa nimekubali kwamba ni haki wale kumi na mmoja wasiwe na mtu wa kuwaambia ruka. Nikaandika Wafula, nambari kumi na mbili, Wageni. Nikafunga daftari nikaliweka mbele ya Mama Selina. Nikamwambia, "Mwenyekiti, hii kazi sasa itafutiwe mwenyeji."



Jumatatu mchana walikuja kwenye kibanda. Walikuwa vijana sita wa Diwani, wengine nimewatengenezea baiskeli. Hawakunipiga. Waling'oa nguzo moja baada ya nyingine polepole, kana kwamba niliwaajiri, wakaangusha paa juu ya vifaa vyangu. Mmoja akasema, "Fundi, usikasirike. Si wewe ulijiandika?" Kweli nilijiandika. Nilisimama barabarani na pampu mkononi, na watu wa soko wakipita wakitazama upande mwingine. Siku hiyo ndiyo nilikutamani sana, Baba. Si kwamba ungefanya kitu. Nilitaka tu usimame kando yangu, umekunja mikono nyuma kama unavyosimama ukiangalia shamba.

Kesho yake asubuhi Mama Selina alifika akiwa na mkokoteni wenye mabati mawili na kijana wa kuusukuma. Hakusalimia. Alisema, "Mimi niliangalia kikombe, Wafula. Nina miaka hamsini na nane, na niliangalia kikombe." Kisha akaketi juu ya mabati yale akalia, mwanamke ambaye hata kwenye mazishi ya mumewe watu wanasema hakulia.

Mkutano uliofuata aliingia na lile daftari. Akalisoma lote kwa sauti, majina yote kumi na mawili, kila mmoja akimwuliza, "Uko?" Na waliokuwepo walisimama. Yule mama wa samaki alisimama. Akamaliza akasema, "Chama hiki nimekijua tangu nikiwa msichana. Ni cha watu wanaotaka kukaa. Anayetaka watu wahame, yeye ndiye ahame." Diwani akapiga meza, akasema wakubwa wanamjua, ati Mama Selina ni kibaraka wa Nairobi. Akatoka, na zaidi ya nusu ya ukumbi wakamfuata.

Sasa vyama ni viwili. Diwani amefungua ofisi ng'ambo ya barabara, amechora kinu kile kile, chake kwa rangi nyekundu. Tuliandikia makao makuu. Wakajibu kwamba pande zote mbili zivumiliane mpaka uchaguzi upite, maana yake wanataka kura za huku na za kule. Mama Selina alisoma ile barua mara mbili, akaifungia mbegu za sukuma za mteja. Mimi ukatibu nimeuacha. Natengeneza baiskeli chini ya yale mabati mawili, na mvua ikija kwa upande nalowa. Kinyozi hajanisemesha mpaka leo. Simlaumu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini wiki jana dada yangu Nasimiyu alipita kututembelea. Alituletea nduma na karanga, akacheza na Naliaka, akacheka, kisha akamweka chini akanitazama. Nikamwuliza ni nini.

"Baba naye ana daftari," akasema.

"Daftari gani?"

"La Asili. Anaandika watu wa mlimani walio Kabuchai. Wa kwanza ni fundi Chemwei."

Baba, sijalala vizuri tangu hapo. Chemwei aliyenishonea kaptula ya shule ya kwanza, akaacha upindo mrefu ili nikikua iteremshwe? Yule uliyekuwa ukimpelekea gazeti ulilomaliza kusoma, mkikaa mbele ya cherehani yake mkibishana juu ya Nairobi mpaka Mama atume mtu? Sijui wamekuambia nini. Labda wamekuambia ni ya usalama wa chama tu. Mimi pia niliambiwa hivyo, na niliandika kumi na mmoja kabla sijauliza swali. Kwa hiyo sikuandikii kama mtu msafi. Nakuandikia kama mtu ambaye mkono wake umefanya kazi hiyo na unajua uzito wake.

Wewe unasema mambo ya zamani yarudi. Mimi pia nayataka. Zamani ninayoikumbuka, Chemwei alikuwa ndani yake.

Jumamosi ijayo tunakuja, mimi, Rael na mtoto. Nataka kukuomba msamaha kwa maneno ya siku ile, nikiwa nimepiga magoti, mbele ya watu kama nilivyokukosea mbele ya watu. Nikisha kuomba, nitakuomba hilo daftari. Ukikataa, nitakula chakula cha Mama na kurudi Kitale kwa amani, nawe utaendelea kuwa baba yangu. Lakini ujue kwamba siku wakimjia Chemwei, mwanao huku ni nambari kumi na mbili.

Nisalimie Mama, umwambie safari hii nitamaliza ugali wote. Nisalimie kaka mkubwa anayelinda miwa, na yule mke wake aliyenitoa mwiba mguuni. Nisalimie katekista wetu, na nyanya yetu Kukhu, hata kama hasikii tena, mshike mkono tu atajua. Na fundi Chemwei, tafadhali Baba, usimtume mtu. Nenda wewe mwenyewe ukamsalimie.

Mwanao anayewakumbuka kila ukungu unapoinuka,

Wafula