Mbao za Baraza na Magoti ya Mama Kulwa

Maganzo, Jumapili jioni, 1953

Mvua imegoma tena. Mawingu yalisogea mpaka juu yetu, kisha yakaenda zao upande wa mgodi wa Mwadui. Limebaki joto, na mimi nimebaki na aibu yangu.

Baraza jipya limenitokea puani.

Lile la udongo lilimomonyoka kila mvua iliponyesha, na miguu ya cherehani yangu ilizama. Nikataka sakafu ya mbao kabla mama yangu hajaja kututembelea kutoka kijijini. Seremala alinishauri nisubiri mninga wake ukauke: haupindi, mchwa hawaupendi, na ukipigwa randa unakuwa laini. Mimi nilikuwa na haraka ya kujionyesha. Nikachukua mbao za makasha yaliyoleta mashine za mgodini, nyeupe, za kupendeza macho. Nikazikanyaga kwa viatu vyangu, nikaridhika.

Mke wangu, Mama Kulwa, alizipapasa kwa kiganja akasema zinachoma. Nikamwuliza, mbele ya seremala, kama anataka kuzilalia. Seremala akacheka. Mama Kulwa aliondoa mkono wake.

Mimi ni fundi cherehani. Kitambaa sikinunui kabla sijakipapasa.

Mama alifika juzi. Jana asubuhi Mama Kulwa alipiga magoti barazani kumwamkia, kama wanawake wetu wa Kisukuma wafanyavyo. "Mwangaluka, mayu." Mama akauliza habari za watoto, za shamba, mpaka za kuku, na mke wangu akajibu zote akiwa pale chini, uso umetulia. Leo ikawa vivyo hivyo. Alipoinuka, niliona doa la damu kwenye khanga yake, penye goti.

Nilimfuata jikoni. Alikuwa anachokoa kibanzi kwa sindano yangu. Nikamwambia asipige magoti tena, nitamweleza mama.

"Nisipopiga magoti, mama atasema nimeota kiburi. Badilisha mbao, usinibadilishe mimi."

Afadhali angenifokea.

Mama alipoingia ndani kupumzika, nilivua viatu nikapiga magoti pale pale barazani. Sijawahi kupiga magoti katika nyumba hii. Mbao zilinichoma hadi ndani ya suruali. Mara mama akatokea, akauliza natafuta nini. Nikasema sindano yangu imedondoka.

Mama Kulwa alikuwa amesimama mlangoni. Sindano alikuwa nayo mkononi. Hakunisuta.

Kesho nang'oa mbao zote. Tutarudi kwenye udongo mpaka mninga ukauke. Kwa seremala nakwenda na Mama Kulwa. Atapapasa yeye, atachagua yeye, na mimi nitanyamaza mbele ya yule yule aliyecheka.

Lakini kwanza, kabla mke wangu hajaja kumwamkia, nitamwambia mama kwamba hakuna sindano iliyopotea.