Sungura Ananyonyoa Manyoya: Je, Nami Ninyoe?

Mpendwa Mshauri wa gazeti letu, shikamoo. Naomba msaada wako, na kabla ya yote naomba usinicheke, maana hapa Mwanza nimekwisha chekwa vya kutosha. Mimi ni Getruda, yaya katika nyumba ya Mhindu mwenye duka la vitambaa, na mtoto niliyemlea anaitwa Nirmala, nilimpokea hajaota hata jino, nikambeba mgongoni kwa kanga mpaka mama yake, Mama Gangaben, akawa ananikemea kwamba mtoto atapata matege, akakua, akawa anasema Kisukuma kuliko Kigujarati, na mwaka jana mama yake akamchukua kwenda Bara Hindi kuolewa. Nilimsindikiza mpaka bandarini, meli ya Kisumu ikapiga honi, mara nikamwona anashuka ngazi mbio na sungura wake mweupe kifuani, Kapas, jina ambalo kwa lugha yao ni pamba, akanitia mikononi akasema, "Yaya, nitunzie mpaka nirudi." Nikasema ndiyo. Ningesema nini tena?

Sasa Mshauri, mimi kwetu ni Buswelu, nimefuga kuku na kuchunga ng'ombe wa baba, lakini sungura wa nyumbani sijapata kumfuga, sisi sungura wetu ni wa porini na ukimwona unamrushia rungu, kwa hiyo nikaona nimtunze kwa desturi za nyumba aliyokulia. Katika nyumba ile hakuna atiaye kitu kinywani kabla hajaoga, basi kila asubuhi nikamwogesha Kapas kwa maji ya vuguvugu na sabuni ndipo ale, na siku ambazo Mama Gangaben alizoea kufunga nami nikamfungisha, na siku nyingine nikampa vitu vizuri, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, sukari guru, maziwa, majani nikampa kidogo sana maana niliona haya kumlisha sungura wa Nirmala kama mbuzi. Nkwabi, mpagazi wa duka, kila akipita uani husema, "Yaya, ukichoka kumwogesha nambie, nilete chumvi." Hayo nimeyazoea.

Barua zilikuja mbili, ya pili ikasema arusi imekwisha na Nirmala amehamia kwa mumewe, halafu kimya, na vita hivi ndivyo vinazidi. Juzi Kapas akaanza kususa chakula, kisha akaanza kunyonyoa manyoya ya kifuani mwake kwa meno yake mwenyewe mpaka ngozi ikaonekana, akayakusanya kwenye pembe ya kasha analolala, nikafagia nikatupa, kesho yake akanyonyoa tena. Mshauri, nikauacha ufagio hapo hapo. Kwetu ukifiwa unanyolewa nywele, na sote tunajua wanyama husikia msiba kabla yetu, na huyu mnyama ana nani wa kumlilia duniani kama si Nirmala? Nikaenda dukani kumwuliza baba yake kama kuna habari, akasema, "Hakuna, Getruda, ni vita tu," akaendelea kupima kitambaa.

Wanasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi sikumzaa Nirmala wala sikuzaa mwingine, lakini kamkeka alikokuwa akilalia mchana chumbani mwangu bado nakakunjua kila siku, nakakung'uta, nakakunja tena, na nikikoroga uji nasikia kabisa mtu ananiita nyuma yangu, "Yaya, wangu usiwe mzito!" Nikigeuka ni kuku. Nina hamu naye Mshauri, hamu ya kunikausha mate. Wembe nimekwisha azima. Niambie, Kapas anajua nini ambacho mimi sijui? Nimfanye nini asife kabla mwenyewe hajarudi? Na mimi ninyoe?

Ni mimi katika majonzi,
Getruda, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu Getruda. Weka wembe chini kwanza, ndipo usome.

Ala! Nani alikwambia sungura ni Mhindu? Mnyama anaogeshwa kwa sabuni kila siku, anafungishwa, halafu akipewa kula anapewa sukari guru! Masista wa misheni wanafuga sungura, nawe umekaa mji mmoja nao usiwaulize. Mimi nimewauliza kwa niaba yako, na Sista mmoja aliyesomewa barua yako, tulipofika kwenye sabuni alishika kichwa.

Sasa sikiliza. Kapas hajasikia msiba wowote. Kapas ni jike, na jike la sungura likikaribia kuzaa hunyonyoa manyoya ya kifuani na kuyatandika ili watoto wasilale penye baridi. Dume hajapata kumwona, kwa hiyo watoto hawapo. Sista anasema hiyo ni mimba ya uongo, huwapata wengi wanaofugwa peke yao, mwili unadanganyika na mnyama anaamini kabisa. Anatandika kitanda, wewe unafagia. Anatandika tena, unafagia tena. Maskini ya Mungu, kwa nini asijinyonyoe mpaka ngozi? Liache tandiko lake hapo hapo lilipo. Zitapita wiki mbili au tatu, ataliacha mwenyewe, ndipo ulitoe.

Kuogesha basi, tangu leo. Kufunga basi. Tumbo la sungura halitakiwi kukaa tupu hata siku moja, na anayetaka kufunga ndani ya nyumba hiyo afunge yeye. Michembe na sukari na maziwa kula wewe, umekonda. Yeye mpe nyasi, mbichi na kavu, ziwepo usiku na mchana, na matembele kiasi, na maji safi. Mlishe kama mbuzi bila haya, ndivyo alivyoumbwa. Kasha liinue lisikae kwenye sakafu yenye unyevu, liweke kivulini, na ukimbeba mshike na matako, usimning'inize kwa masikio kama Nkwabi anavyotamani. Tena mwangalie tangu leo: akipitisha siku nzima bila kugusa hata nyasi, mpeleke kwa Bwana Mifugo, usingoje mpaka Jumatatu.

Nimekugombeza, nimemaliza. Sasa la Nirmala.

Baba yake anafungua duka kila asubuhi na kupima kitambaa. Getruda, mtoto wake angekuwa amekufa, duka lile lingekuwa limefungwa na uani kwako pangejaa watu wenye kulia. Barua zinachelewa kwa kila mtu siku hizi, mimi mwenyewe nina mdogo wangu jeshini na sijapata mstari. Na bibi arusi mgeni ndani ya nyumba ya wakwe haachiwi kalamu apendavyo. Yupo. Ana kazi nyingi tu.

Lakini sitakudanganya kwamba atarudi. Ameolewa, na aliyeolewa ng'ambo ya bahari hurudi mara chache, wewe unalijua hili tangu siku ile bandarini na ndiyo maana unakunjua mkeka kila siku. Niliposoma habari za mkeka nilivua miwani. Kapas anatandikia watoto wasiokuwapo, nawe vivyo hivyo, na simcheki yeye wala sikucheki wewe. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Hiyo kazi uliifanya, na hakuna atakayekupokonya jina lake.

Chukua kalamu umwandikie Nirmala, barua yako kwangu imenionyesha kuwa unajua kuitumia. Baba yake aitie barua hiyo katika bahasha moja na yake. Usimwombe arudi, utamvunja moyo bure katika nyumba ya watu. Mweleze ulivyomfungisha sungura, acheke. Mwambie Kapas anakula nyasi na manyoya ya kifuani yanaota tena. Mwambie na habari ya mkeka, alie kidogo, ajue kwamba Mwanza ana mama.

Kisha mrudishie mwenye wembe wembe wake, na nywele zako zisukwe vizuri Jumapili hii. Mwenye mwana aliye hai hanyoi.

Mshauri wako