Vichwa Kumi na Viwili vya Damu ya Mzee

Waithaka
3 Februari 2025

Mpendwa Nyakio,

Salamu kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua nikisimama sana, na siku hizi kazi yangu ni kusimama. Natumai wewe hujambo, na kwamba mwenye nyumba huko Kangemi amewarudishia maji.

Tulikubaliana simu tuiachie habari za dharura, maana kila tukipigiana tunakata tukiwa tumenuniana. Kwa hivyo barua nitaiweka ndani ya sanduku, na yule Wambua wako wa pikipiki ataibeba pamoja na mzigo.

Vichwa vyote kumi na viwili vimefika bila kuvunjika. Nilivipanga juu ya meza ya kulia nikavizunguka asubuhi nzima, hata chai ikapoa. Mimi na rafiki yangu Jaswant tumekuwa tukifungua katalogi za ng'ambo miaka yote hii, tunakuta kichwa kimoja cha treni ya kuchezea kina bei ya ng'ombe wa maziwa, na bado ni treni ya Uswisi. Nani hapa alisafiri na treni ya Uswisi? Ile yetu ndefu ya mvuke, ya enzi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, hakuna kiwanda kilichoona haja ya kuitengeneza. Sasa binti yangu ameichapa kwa mashine ile ya kuchapa plastiki huko River Road, kwa bei ambayo hata mwalimu mstaafu wa jiografia anaimudu. Nimefurahi. Bado sijakubali kwamba uliacha kazi ya benki, lakini nimefurahi.

Nakuomba jambo moja tu. Vyote viwe damu ya mzee, na namba za njano, kama vilivyokuwa. Usiniletee rangi za ajabuajabu. Tangu mama yako atuache sijapata kazi ya kunikalisha kitini, na hii nataka kuifanya sawasawa.

Babako,
Muchiri

*

River Road
6 Februari 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, maji yalirudi, yakakatika tena. Goti lisugue na ile dawa niliyokuachia. Najua hujaifungua.

Usihofu kuhusu rangi. Wanachama wote wa klabu ya treni za kuchezea wametaka damu ya mzee isipokuwa Jackton, ambaye aliniambia, "Mwambie mzee apige graffiti kama ya mathree, matatu za mtaani, iwake moto!" Nilimjibu kwamba fundi wangu angemfukuza na brashi hadi Uthiru. Akacheka, akakubali damu ya mzee.

Baba, nikuambie ukweli ili tuelewane. Maonyesho ya klabu ni tarehe 26 Aprili, katika ukumbi kule Westlands. Watu kumi na wawili wameniamini kabla ya kuona kitu. Wakipenda, wataagiza na mabehewa, na nitaweza kulipia chumba hiki cha kazi. Wasipopenda nitafunga. Mimi nachapa vizuri lakini kupaka sijui. Mikono ya kupaka ni yako.

Usinipigie kelele kuhusu benki. Kula vizuri.

Binti yako,
Nyakio

*

Waithaka
27 Februari 2025

Mpendwa Nyakio,

Hujambo? Mimi nimechoka lakini ni uchovu mzuri. Ndizi zimezaa, nimekuwekea mkungu mmoja.

Umeniuliza kupitia kwa Wambua kwa nini nachelewa. Ni rangi. Watengenezaji wa siku hizi hawajui damu ya mzee ni nini. Mkebe wa kwanza ulikuwa kahawia kama udongo wa shamba. Niliurudisha dukani, yule muuzaji akaapa kuwa ndiyo yenyewe, tukabishana mpaka watu wakasimama kutazama. Mkebe wa pili vilevile. Nilipaka, nikafuta, nikapaka, nikafuta. Nilihamia barazani, nikarudi ndani, nikatoka tena. Mwisho nikaamua kuchanganya mwenyewe, nikaongeza buluu kidogo kidogo hadi ikakaa.

Nakuletea vinne vya kwanza. Sasa hiyo ndiyo rangi. Nilipoitazama ikiwa imekauka nilijiona stesheni ya Nairobi nikiwa na miaka tisa, nimeshika mkono wa mama yangu. Mwonyeshe Jaswant, aone wivu.

Babako,
Muchiri

*

River Road
4 Machi 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai umelala vizuri. Ndizi ni tamu, nimewagawia majirani wote wa ghorofa hii.

Barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana. Baba, vile vichwa vinne ni zambarau. Si zambarau ya kubahatisha, ni zambarau kabisa, kama gauni la msimamizi wa harusi. Kazi ya brashi ni safi, sijaona mstari uliopinda. Lakini rangi siyo.

Nilidhani ni macho yangu, nikavipeleka Loresho kwa Mzee Jaswant. Alikishika kimoja, akaenda nacho dirishani, akakigeuzageuza kwenye mwanga. Nikangoja acheke. Hakucheka. Alisema, "Muchiri iko na mtoto wa jicho. Mimi najua hii rangi. Mimi pia nilipaka behewa yangu hivi hivi kabla ya operesheni. Nilifikiria duka zote za rangi zinanidanganya." Kisha akanionyesha hilo behewa. Amelificha nyuma ya kabati na hataki mtu alione.

Alinieleza kwamba jicho likiingia ukungu huona kila kitu kama kimepakwa chai. Ndiyo maana mikebe yote uliiona kahawia, na ndiyo maana uliongeza buluu. Anasema ni kazi ya asubuhi moja, jioni unarudi nyumbani. Yuko tayari kukupeleka kwa daktari wake mwenyewe.

Tafadhali Baba. Mambo ya maonyesho tutayaona baadaye.

Binti yako,
Nyakio

*

Waithaka
5 Machi 2025

Nyakio,

Nimepata barua. Mimi sijambo.

Mwambie Jaswant macho yangu hayamhusu. Mimi nasoma gazeti. Namwona paka wa jirani yangu Mbaluka akiiba samaki kutoka ng'ambo ya ua. Na wewe, badala ya kuniuliza mimi, umebeba kazi yangu ukaenda kuitangaza Loresho.

Mama yako aliingia hospitali kwa miguu yake, amebeba mkoba, akaniambia niache chakula motoni kwa kuwa angerudi. Sitapanda kitanda cha hospitali mimi. Kama kazi yangu haikufai, tafuta mpakaji mwingine.

Babako

*

River Road
28 Machi 2025

Kwa Muchiri,

Wambua amefika huko mara tatu akakukuta langoni, na mara zote umemrudisha mikono mitupu, bila kichwa wala barua. Jana nilivunja ahadi yetu nikampigia Mbaluka. Ameniambia unatembea kutwa kutoka nyumbani hadi lami na kurudi, huketi. Ameniambia pia kwamba Jumapili uliingia kwenye mtaro ulipokuwa ukitoka kanisani, kwamba ni wakristo wenzako waliokutoa, na kwamba uliwakataza wasiniambie.

Nimelia, kisha nimekasirika. Na nikiwa nimekasirika nikakumbuka jina langu.

Nilipozaliwa ulinipa jina la mama yako, kama inavyotakiwa kwa msichana wa kwanza. Nilipokuwa mdogo, wageni wakija ulikuwa ukiwaambia, "Huyu ni mama yangu, msimguse." Shangazi waliniletea maziwa kwanza kabla ya watu wazima. Hiyo heshima niliila nikiwa sijui maana yake, na sijawahi kuitumia hata siku moja. Leo naitumia. Barua hii haijaandikwa na binti yako.

Muchiri, unaogopa. Mwanangu, hata mimi naogopa hospitali, nilimzika mtu yuleyule uliyemzika wewe. Lakini sikukuzaa uje uangukie mtaroni kwa kiburi. Jumatano asubuhi Jaswant atakuja na gari lake. Utakuwa umeoga, umevaa lile koti la kijivu. Utapanda, na hutabishana na dereva. Mimi nitakuwa hukohuko, nitakaa mlangoni mpaka utoke.

Nimemaliza kusema.

Mama yako,
Nyakio

*

Waithaka
29 Machi 2025

Mama,

Shikamoo.

Nimesoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kiti. Hakuna mtu aliyenisemesha hivyo tangu mwaka tuliomzika mama aliyenizaa. Nilijikuta nimevua kofia.

Ni kweli naogopa. Nimeogopa hata kusema. Jumatano nitakuwa tayari, na vile vinane visivyopakwa nitavibeba nikurudishie. Koti la kijivu lina doa, au nadhani lina doa, sina hakika tena.

Usiondoke hapo mlangoni.

Mwanao,
Muchiri

*

Waithaka
29 Aprili 2025

Mpendwa Nyakio,

Hujambo mwanangu? Mimi ni mzima, matone naweka kama nilivyoagizwa. Jicho la pili daktari amesema tungoje mwezi ujao, na hilo nalo nitaenda, huna haja ya kubadilisha cheo.

Nimekuwa kimya kwa sababu nilikuwa natazama. Siku ya kutoa bandeji nilidhani muuguzi amewasha taa mpya. Nilipofika nyumbani nikakuta nyumba yangu ni chafu! Kuta nilizojisifu kuwa ni nyeupe ni rangi ya uji. Kuna buibui mmoja ambaye nadhani tumeishi pamoja tangu uchaguzi. Nilisafisha siku mbili.

Kisha Jumamosi nikaja Westlands. Sikukuambia nakuja kwa sababu nilitaka kuvitazama vile vichwa vinne kabla hujavificha. Hukuwa umevificha. Ulikuwa umevipanga mbele kabisa mezani na kibandiko chenye jina langu, na vile vinane visivyopakwa nyuma yake. Nyakio, ni vibaya! Yaani ni vibaya kupita ulivyonieleza, msimamizi wa harusi mwenyewe angevikataa. Nilisimama nyuma ya nguzo nikacheka mpaka nikashika goti. Na Jaswant, mwendawazimu yule, alikuwa akiwaambia watu ni toleo maalumu, na Jackton akawa anang'ang'ania vyote vinne. Nimesikia mabehewa nayo yameagizwa. Hongera. Kuhusu benki sitafungua tena kinywa changu.

Lakini nilitaka kukueleza kwa nini niliondoka bila kukusalimu, maana Jaswant aliniona na najua atakuwa amekuambia.

Ulikuwa umeinama, unamwonyesha mteja magurudumu. Taa ilikuwa juu yako. Nikaona mvi. Si mbili tatu, ni nyingi, hapa pembeni juu ya masikio, na mistari chini ya macho. Hakuna aliyeniambia. Miaka yote hii nimekuwa nikikusukuma urudi benki kama mtu anayerudisha mtoto aliyetoroka shule, kumbe aliye mbele yangu ni mtu mzima aliyechoka, ananibeba mgongoni na mzigo wake mwingine kichwani. Na ulipoinua uso ulikuwa mama yako. Yeye hakuwahi kufika kwenye mvi. Sikujua angekuwaje. Sasa nimemwona, na ni mzuri.

Nilitoka nje kwa sababu ningelia mbele ya watu wa klabu, na Jaswant angelisimulia hilo mpaka Krismasi.

Vile vinane ulivyoviacha kwa Jaswant baada ya maonyesho nimevichukua, nimevipaka, vimekauka. Vimekaa vizuri. Usimtume Wambua. Njoo mwenyewe, mchana, wakati wa jua, uketi hapa barazani nikuangalie.

Babako,
Muchiri