Viatu vya Mama vya Kazini

Mjukuu wangu Salim,

Desemba iliyopita nilificha viatu vya mama vya kazini, na sijamwambia mtu yeyote ila wewe. Usicheke ninapokuita mjukuu. Nyanya yako ni dada yangu kwa baba, kwa hiyo mimi pia ni nyanya yako, hata kama nimemaliza shule juzi tu.

Hapa Bordesley Green, mtaa wetu huku ughaibuni, sote tu wazima, ila baridi. Umeniuliza ufanyeje ili mama yako asishinde kazini hotelini Desemba nzima. Mama yangu naye, kila Krismasi, huomba zamu hospitalini ili wenzake Wakristo wakae na watoto wao. Nilidhani bila viatu angebaki. Akavaa vyangu vya shule, akaenda.

Jioni alirudi akichechemea. Nikamletea maji ya moto, na maneno yakanitoka: "Mama, na sisi je? Shule zimefungwa na hatukuoni."

Akaniangalia. "Kumbe? Nilijiambia si sikukuu yetu, basi hamkosi kitu. Nikadhani mnafurahia kulala mpaka adhuhuri bila kelele zangu. Mbona hukusema, mwanangu?"

Mwaka huu ameomba kukaa nyumbani siku mbili, na tayari tunabishana nani atapika pilau. Labda mama yako hatapewa ruhusa, lakini mwambie. Huenda naye hajui.

Habari ya viatu tafadhali ibaki kwetu wawili. Mama anaamini ni baba aliyevipoteza, na baba, maskini, ameshaomba msamaha.

Nyanya yako mdogo,
Zuhura