Mstari Ulioukimbia Uzi

Dada mpendwa,

Nakusihi barua hii iishie machoni pako. Hata shemeji asijue imetoka kwangu.

Mimi mzima, ila stoo ya hapa kwenye ujenzi imepakwa rangi na chafya haziniishi.

Juzi mashine ya leza wanayonyooshea nguzo ilianguka na miguu yake mitatu. Msimamizi akaipangusa vumbi, kazi ikaendelea. Walipokwenda kula, niliiwasha, nikaning'iniza timazi, ule uzi wenye kizito mwishoni, pembeni. Juu mstari mwekundu wa leza na uzi vilikutana. Chini viliachana kwa upana wa vidole viwili. Nguzo zote zimefuata mstari huo.

Nilipomwambia msimamizi, alinielekezea leza usoni, jambo ambalo kijitabu cha mashine kinakataza kabisa. Nikafumba macho.

"Karani, macho hayo bado unayataka, au yamechoka kuona?"

Mafundi wakacheka. Shemeji naye alicheka, Dada, na Jumatatu zege likimwagwa juu, yeye ndiye atakayekuwa chini akishika mihimili.

Mzuie. Mwambie mtoto anaumwa, mwambie lolote.

Usipige simu ya ofisini, huipokea msimamizi. Nitakuwa nyuma ya duka la dawa wakati wa chakula. Ukiniona na msimamizi, pita kama hunijui.

Mdogo wako