Mtungi Wako wa Njano

Baba,

Ninachosikia hadi leo ni ile tik-tik-tik ya gurudumu la nyuma, ulipokuwa ukisukuma baiskeli kwenye korido yetu hapa Shauri Moyo jioni. Ikija kwa kasi, Mama alijua umeshinda ubishi. Ikija polepole, aliniambia nikukaangie mayai.

Ubishi ulikuwa mmoja tu: Babu. Ndivyo mlivyomwita yule mwendesha baiskeli wa kulipwa, ingawa ana miaka arobaini na moja. Wenzake wa rika lake wameshastaafu, naye bado anawaacha vijana mlimani. Mlimtazama kwenye simu ya Odhiambo, fundi wa baiskeli, wewe ukiwa juu ya mtungi wako wa njano wa plastiki, na Mzee Mutua juu ya kreti yake ya soda.

"Huyo anatumia dawa za kuongeza nguvu," Mutua alisema kila mara. "Mwanaume wa umri huo akipanda ngazi anatafuta pa kushika."

"Usimhukumu kwa magoti yako," ulimjibu. "Ni mazoezi."

Nakumbuka siku uliyoniita mbele yao. Nilikuwa chuo kikuu nikisomea sayansi ya mwili, nawe ukanileta kama shahidi. "Waambie, daktari." Kwa kuwa siwezi kuulizwa swali nikalijibu nusu, nilieleza jinsi moyo na misuli inavyopungukiwa nguvu kadiri miaka inavyosonga, nikamaliza kwa kusema kwamba hata mimi nina shaka. Mutua alininunulia soda. Wewe hukunisemesha hadi wakati wa ugali.

"Nipakulie kidogo," ulisema. "Nguvu zimepungua."

Kisha ukala wako, ukamaliza na wangu.

Tulikuzika Kakamega, tukarudi Nairobi, na wiki hiyohiyo Babu akashinda tena. Mutua alipobisha mlango nilidhani amekuja kutupa pole. Alikuwa amebeba mtungi wako.

"Msomi, siku hizi pale kwa fundi tunakubaliana tu," alisema, akikaa kabla ya kukaribishwa. "Mimi nasema dawa, Odhiambo anasema dawa, tunanyamaza. Inauma. Huu mtungi ni wa kwenu. Njoo ukae."

"Lakini mimi nakubaliana na wewe, Mzee."

"Hayo ni yako. Anayekaa hapa anasema ni mazoezi. Hii kreti yangu niliachiwa na marehemu Njoroge, na Njoroge alishuku kila mtu. Unafikiri kuna aliyeniuliza mimi naamini nini?"

Alipoondoka nilibaki nikiutazama ule mtungi. Unanijua. Nisingeweza kukaa mahali pako nikasema nisichokiamini. Wala nisingeweza kukaa hapo nikakupinga tena, sasa ambapo huwezi kuninunia. Nikasoma kila nilichopata kuhusu wanariadha wa umri huo, mpaka Mama akachoka nami.

"Baba yako naye alikuwa na shaka," alisema, akikata sukuma wiki bila kuinua macho.

"Shaka gani?"

"Na huyo Babu wenu. Nikamuuliza, sasa mbona unabishana kila siku? Akaniambia, nikikubali, Mutua ataongea na nani? Tangu mke wake afariki, yule hana mwingine wa kugombana naye."

Nilicheka, Baba, halafu nikalia, halafu nikakukasirikia. Ulininunia kwa ajili ya misuli ya mtu ambaye hata wewe hukumwamini. Ningekuwa nimejua, ningekubishia kwa upole zaidi. Au pengine ningekubishia zaidi, ili ufurahi.

Jumamosi niliutundika mtungi kwenye baiskeli yako na kwenda kwa Odhiambo. Nikakaa. Mutua alipoanza na dawa zake, nikamwambia hakuna kipimo kilichowahi kumkamata Babu, kwa hiyo hadi leo ni mazoezi. Sentensi hiyo dhamiri yangu inaimudu. Mutua aliruka kutoka kwenye kreti, licha ya magoti yake, akaniita msomi wa bure, akasema chuo kimenipotezea wakati. Sijamwona akiwa na raha hivyo tangu uondoke. Tulibishana mpaka Odhiambo akatuomba tumpishe mteja.

Jioni niliisukuma baiskeli koridoni kwa kasi. Mama aliisikia ile tik-tik-tik. Akayarudisha mayai kabatini.

Nina moja la kukuomba radhi. Najua hukuruhusu mtu aguse kiti cha baiskeli yako. Nimekishusha. Miguu yangu ilikuwa haifiki.

Binti yako,
upande wa mazoezi